Kaulimbiu Zisizo na Mtenda

Sisi tunaosoma Kiswahili huku Uganda hufundishwa mapema kuchanganua kitenzi: kiambishi cha nafsi, cha njeo, kisha mzizi. Nani, lini, anafanya nini. Nimejaribu kuzichanganua hivyo kaulimbiu za kampeni za majirani zetu, Tanzania na Kenya. Nyingi zinanishinda, kwa kuwa hazina kitenzi.

"Hapa Kazi Tu", iliyombeba John Magufuli mwaka 2015, ina kielezi cha mahali, nomino na "tu". Hapa wapi? Kazi ya nani? Msikilizaji anajijazia mwenyewe: anayetafuta ajira husikia ajira, aliyechoshwa na uzembe wa maofisini husikia nidhamu. "Maisha bora kwa kila Mtanzania" ya Jakaya Kikwete, 2005, ilimtaja mpokeaji ikamwacha mtoaji. "Tano Tena" ya Jubilee, 2017, iliangusha hata nomino pamoja na upatanisho wake. Miaka mitano mtu huweza kuihesabu na kudai hesabu yake. "Tano" hujibiwa kwa kuinua kiganja.

Wapo watakaosema kaulimbiu haina budi kuwa fupi. Katika Kiingereza ningewasikiliza. Kiswahili hubeba sentensi nzima katika neno moja: "Tutajenga" lina nafsi, njeo na tendo. Sasa tazama "Inawezekana" ya Azimio, 2022. Ina silabi sita, ilhali "Tutaweza" ina nne! Basi hawakuogopa urefu. Walichokwepa, kwa maoni yangu, ni kile kiambishi "tu-". Viambishi -ek- na -an- vimemwondoa mtenda, na "i-" ya mwanzo hairejelei nomino yoyote. Mtu hawezi kuidai "i-" ahadi yake. Neno hilo linashangaza zaidi likitoka upande wa Raila Odinga, aliyekuwa fundi wa jukwaa ambaye vitendawili vyake viliulazimisha umati kujibu. Ni yeye huyo aliyetamka "Kibaki tosha" mwaka 2002. Kitenzi hicho nacho hakina nafsi wala njeo, lakini jina limesimama mbele yake, na msemaji alijulikana. Kwa maneno mawili mgombea wa upinzani akawa amepatikana. Hiyo naistahi.

"Kazi ni Kazi" ya UDA, chama cha William Ruto, ilikuwa na ujanja mwingine. Ile "ni" ilimsawazisha msukuma wilbaro na mwenye ofisi, na heshima hiyo haikuwa ndogo kwa watu waliozoea kudharauliwa. Ila inamsifu aliye na kazi tayari. Asiye nayo haahidiwi kitu.

Mwaka 2024 vijana wa Kenya walioandamana kupinga mswada wa fedha walimwita Ruto kwa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia, wakapaza sauti: "Zakayo shuka!" Ni maneno mawili pia. Yana anayeambiwa, na yana tendo analotakiwa alitende.