Miendo Mitatu: Namna ya Kumtambua Mwindaji Hodari wa Kasongo

Watu wengi humpima mwindaji kwa mzigo alio nao begani akirudi kijijini. Kipimo hicho kinadanganya. Mtego wa waya hunasa mnyama huku aliyeutega amelala nyumbani, na tochi ya usiku humpatia nyama hata mvulana asiyejua kukanyaga jani. Ukitaka kumjua mwindaji wa miguu, yule anayetoka na silaha yake na kumtafuta mnyama hatua kwa hatua, tazama mwendo wake. Tazama anavyoanza safari, anavyosimama, anavyopumua, na nguvu anazobakiza jioni. Nyama inaweza kuja kwa bahati, lakini mwendo mzuri haupatikani kwa bahati.

Uwanja na mnyama

Kusini mwa mkoa wa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mahali ambapo msitu mkubwa wa Kongo unakutana na nchi ya nyasi. Miti minene hufuata mito ya Lualaba na Luama na vijito vinavyoingia humo, na katikati yake kuna nyasi ndefu zenye miti iliyotawanyika. Mtu wa Kasongo au Kabambare anayekwenda kuwinda hupita, katika asubuhi moja, mashamba ya mpunga na mihogo, vichaka vya mashamba yaliyoachwa, nyasi, kisha kivuli cha msitu. Kila mahali panadai hatua yake. Kwa hiyo ule usemi wetu wa pole pole ndio mwendo hautoshi hapa. Anayekwenda polepole tangu mlangoni kwake atafika porini jua limepanda na wanyama wameshajificha. Anayekwenda haraka mpaka mwisho atafika mapema na kuwafukuza wote. Hodari ana miendo mitatu: wa njia, wa kutazama, na wa kunyatia. Ubora wake wote uko katika kujua ni saa gani ya kuuacha mmoja na kuushika mwingine.

Sababu ya jambo hili iko kwa mnyama mwenyewe. Mboloko, mmoja wa paa wadogo kabisa wa msituni, mara nyingi ana kilo 4 hadi 6 tu. Huishi dume na jike pamoja katika kieneo kidogo cha hekta chache, na hutembea mchana, hasa asubuhi na jioni. Akishtuka hukimbia kwa kishindo, lakini haendi mbali. Huzunguka ndani ya kieneo chake na kurudi. Anayemkimbiza humpoteza. Anayekaa kimya mahali alipo humwona tena. Mbawala, ambaye wengine humwita pongo, hupenda ukingo wa msitu na nyasi; akihisi hatari hubweka kwa sauti ya ukali, na kwa sauti hiyo pori lote hujua kwamba kuna mtu. Paa mwenye mgongo wa manjano ni mkubwa, anaweza kupita kilo 60, na kumbeba ni kazi nyingine kabisa. Mnyama mmoja anataka subira, wa pili anataka kimya, wa tatu anataka mgongo uliobakiwa na nguvu.

Mwendo wa njia

Nchi hii ni ya watembeaji tangu zamani. Katika karne ya 19 Kasongo ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, na misafara ya pembe za ndovu ilitoka Maniema kuelekea Ujiji na pwani. Kila mpagazi alibeba karibu kilo 30, na wengi wao hawakuwa huru. Misafara hiyo iliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua kali la mchana. Wajukuu wa barabara hizo bado wanaijua kanuni ile: safari hufanywa kukiwa na ubaridi.

Mwindaji mzuri huondoka kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, ili mwanga wa saa kumi na mbili umkute karibu na pori lake. Sikiliza pumzi yake njiani. Katika mwendo wa njia anapaswa kuweza kusema maneno kumi mfululizo bila kukatika. Akianza kuhema, anapunguza hatua papo hapo, hangoji kilima kiishe. Anafanya hivyo kwa kuogopa jasho. Jasho ni harufu, na nguo iliyoloa jasho humtangulia mwenyewe msituni.

Angalia pia mzigo. Hodari hubeba panga, maji, kamba, na chakula kisichohitaji moto: muhogo uliochemshwa, ndizi ya kuchoma, karanga. Kila kitu kimefungwa kisigongane. Chupa inayogonga panga ni alama ya mtu aliyefunga mzigo wake gizani bila kuutikisa kwanza.

Kipimo kikubwa cha mwendo huu kiko mwishoni mwake. Akifika ukingoni mwa msitu, mwindaji mzuri haingii. Anakaa chini mpaka moyo utulie. Asiye na ufundi huingia akihema, masikio yake yamejaa mapigo ya moyo wake mwenyewe, na kwa muda mrefu hasikii kitu kingine. Hata akiwa na macho makali kiasi gani, ameingia porini akiwa kiziwi.

Mwendo wa kutazama

Upelelezi ni kazi inayojitegemea, na hodari huipa siku yake. Huzunguka kando ya eneo, haendi katikati, na hurudi bila kumsumbua mnyama yeyote. Mwendo wake hapa ni wa vipande: hatua chache, kisha kusimama, na kusimama kuzidi kutembea. Nusu kilomita kwa saa inatosha.

Anatafuta nini? Kwanza chakula. Paa wa msituni hula sana matunda yaliyoanguka, kwa hiyo mti unaodondosha matunda ni mlango wa nyumba yao. Kima na hondohondo wakila juu huangusha mengi, na mboloko hupita chini kuokota. Mwindaji anayesikia hondohondo na kuinua kichwa tu amesikia nusu ya habari. Mzuri hushusha macho.

Pili, nyayo. Kwato za mboloko huacha alama isiyozidi sentimita 3, nyepesi, ambayo mtu wa haraka huivuka bila kuiona. Hapa ndipo pa kumtazama fundi kwa karibu. Huchuchumaa pembeni mwa kinjia, hakanyagi ndani yake. Hugusa ukingo wa alama kwa ncha ya kidole. Ukingo ukiwa mkali na udongo wa ndani ukiwa na unyevu kuliko wa nje, mnyama amepita leo. Vitone vya mvua vikiwa ndani ya alama, mnyama alipita kabla ya mvua ile, na mwindaji anajua ilinyesha saa ngapi. Utando wa buibui ukiwa umevuka kinjia bila kukatika, hakuna aliyepita hapo tangu ulipofumwa. Kisha huangalia mavi: punje zinazong'aa na zenye utelezi ni za karibuni, zilizokauka na kupasuka ni habari ya zamani. Kazi yote hiyo huifanya kwa utulivu, na ndipo anapoinuka.

Ukitaka kupima upelelezi wa mtu, muulize akirudi. Mbovu atakuambia, "Wako wengi." Mzuri atakuambia upepo ulitoka wapi, mti gani unadondosha, kinjia gani kimekufa, na wapi hakuona kitu. Anayejua mahali pasipo na mnyama hatapoteza nguvu zake huko kesho.

Mwendo wa kunyatia

Huu ndio mwendo ambao watu hudhani ndio uwindaji wote, lakini ni mfupi kuliko mingine. Aliyepeleleza vizuri hunyatia mita mia mbili au tatu tu. Ukimwona mtu ananyatia tangu asubuhi hadi mchana, elewa kwamba hajui mnyama yuko wapi.

Hatua yenyewe hupimwa hivi. Uzito wote hukaa kwenye mguu wa nyuma. Mguu wa mbele hushuka kwa ukingo wa nje wa unyayo na kupapasa kilicho chini. Ukikuta kijiti, huinuka na kutafuta mahali pengine, na mwili hauyumbi, kwa sababu haujahama bado. Pakiwa salama, ndipo uzito unapohama taratibu. Mjuzi unaweza kumsimamisha katikati ya hatua yoyote akabaki hivyo bila kutetemeka. Asiyejua, ukimsimamisha, ataanguka mbele au atalazimika kukanyaga.

Majira hubadilisha kila kitu. Wakati wa mvua majani yaliyolowa hunyamaza, na unaweza kusogea karibu wakati wowote. Kiangazi, kuanzia Juni hivi hadi Agosti, kila jani ni mlio. Fundi wa kiangazi husogea upepo unapotikisa matawi na kusimama upepo unapotulia. Kwenye nyasi zilizoungua na kuchipua upya, mbawala hutoka jioni kula machipukizi; hapo hakuna pa kujificha, na subira ukingoni inashinda kunyatia.

Upepo wenyewe hupimwa kwa jivu lililofungwa kitambaani. Hutikiswa kidogo, na vumbi lake huonyesha hewa inakoelekea. Asubuhi jua likipasha joto, hewa hupanda mabonde. Jioni hushuka kuelekea mto. Mzuri hutikisa kitambaa kila anaposimama. Hewa ikigeuka, anarudi nyuma na kuzunguka, hata kama amebakiza hatua ishirini tu. Uamuzi huo wa kurudi ni kipimo kizito kuliko shabaha.

Na kuna kuita. Mwindaji huketi nyuma ya mizizi mikubwa, hubana pua kwa vidole viwili na kutoa kilio chembamba cha paa aliye taabuni. Mboloko huja kuangalia, wakati mwingine hadi hatua chache. Na si yeye peke yake anayesikia. Chui naye huijua sauti hiyo, kwa hiyo mgongo wa mwitaji unataka kinga. Ubora wa mwitaji hauko kwenye sauti, maana vijana wengi wana sauti nzuri. Uko kwenye kimya kinachofuata. Huita mara tatu au nne, kisha hunyamaza muda mrefu kuliko unavyodhani unawezekana. Mwenye haraka huita tena, na mnyama aliyekuwa njiani husimama, husikiliza, hugundua udanganyifu, huondoka.

Kuchagua na kuacha

Mwendo wa taratibu hutoa nafasi ya kuchagua, na hapa uwindaji wa miguu unaupita ule wa tochi na waya. Waya haujui jike wala mtoto. Tochi huonyesha macho mawili yanayong'aa, basi. Kwa mbawala, dume peke yake ndiye mwenye pembe, na rangi yake ni nzito zaidi. Kwa mboloko pembe hazikuambii kitu, kwa kuwa jike naye huweza kuwa nazo. Lazima utazame tumbo, utazame chuchu, ungoje uone kama kuna mtoto anayefuata nyuma. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Aliyemwua jike mwenye mtoto amefunga kieneo kile kwa muda mrefu.

Sheria nayo ipo. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 ndiyo inayosimamia uwindaji nchini na inadai kibali, na Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inahusu uhifadhi wa viumbe. Ndovu, sokwe na okapi hawaguswi. Mwindaji wa kweli huanza kwa chifu wa eneo na kwa kibali chake, hasa katika nchi ambayo watu wameteseka kwa wenye silaha wasiojulikana.

Baada ya mnyama kupigwa

Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri ya siku nzima. Mnyama amepigwa, amekimbia, na kijana anataka kumkimbilia.

"Baba, twende, atatupotea!"

"Kaa, mwanangu. Damu bado inatembea."

Mzee anayejibu hivyo anajua anachosema. Mnyama aliyejeruhiwa asipofuatwa hulala karibu. Akifuatwa hutumia nguvu zake za mwisho kwenda mbali. Damu nyekundu yenye povu imetoka mapafuni, na hatafika mbali. Damu nyeusi, au yenye majani yaliyotafunwa, imetoka tumboni, na hapo kungoja ni saa kadhaa. Lakini kungoja si kuacha. Kumwacha mnyama aliyejeruhiwa bila kumtafuta ni dhambi kubwa katika ufundi huu, na hakuna sifa nyingine inayoifuta.

Kisha kuna kurudi. Usiku huku huingia saa kumi na mbili jioni bila kubembeleza, kwa hiyo hodari hupanga saa ya kugeuka kabla hajaondoka nyumbani na huiheshimu hata nyayo mbichi zikimwita. Theluthi ya nguvu ni ya kwenda, theluthi ya kazi, theluthi ya kurudi na mzigo. Aliyefika nyumbani akiwa hoi, nyama imeanza kuharibika na mguu umeteguka, alikosea hesabu asubuhi.

Kwa kijana anayetafuta mwalimu

Usimfuate mwenye hadithi nyingi za nyama. Omba kutembea nyuma ya mtu siku moja ya upelelezi, bila silaha. Msikilize pumzi kwenye kilima. Uone kama anakaa kabla ya kuingia msituni. Hesabu kama anasimama zaidi kuliko anavyotembea. Ngoja upepo ugeuke, uone kama atakubali kurudi. Akikupitisha karibu na mboloko, mkamtazama, na mkaondoka mnyama akiendelea kuokota matunda, umepata mwalimu. Mbebee mzigo wake hata mwaka mzima. Pori la Kasongo haliwezi kulisha wawindaji wa haraka, kwa kuwa wao huchukua kila kilicho mbele yao na kufukuza kinachobaki. Wenye miendo mitatu ndio watakaowaachia watoto wao mnyama wa kumfuata.