Ukuta Unaotobolewa

Ofisi za kulelea kampuni changa husifiwa kwa vioo na makochi ya rangi. Mimi hulipima jengo kwa uhuru linaompa anayelitumia. Jengo Namba 20 la chuo cha MIT, Marekani, lilijengwa kwa mbao mwaka 1943, liwe la muda tu, kwa utafiti wa rada wakati wa vita. Halikupendeza macho. Lakini aliyetaka kupitisha waya alitoboa ukuta bila kuogopa, na wanaisimu, akiwamo Noam Chomsky, walipishana na wahandisi ukumbini. Lilidumu hadi 1998. Leo, kijana anayeweza kufanyia kazi nyumbani atafuata nini ofisini, ikiwa kiti tu haruhusiwi kukisogeza?