Lugha ya Mwonja Mvinyo: Tashbihi Inayotafuta Msomaji

Utangulizi

Uhakiki wetu umezoea riwaya, tamthiliya na mashairi. Matini fupi za kila siku, kama vile tangazo, jina la kanga au maandishi ya nyuma ya chupa, tunazipita tu. Makala haya yanajaribu kuhakiki mojawapo ya matini hizo: maelezo ya mwonja mvinyo. Nakusudia yale maneno machache anayoyaandika mtu akishanusa na kuonja, ili yule ambaye hakuonja naye apate kuijua ladha. Dai langu ni kwamba maelezo haya ni kazi ya tamathali za semi, na tamathali huishi kwa kumbukumbu ambayo mwandishi na msomaji wanayo wote wawili. Kumbukumbu hiyo ikikosekana, maneno yanabaki makelele, hata yakipambwa namna gani.

Wapo watakaouliza: mvinyo na sisi wapi na wapi? Neno "mvinyo" tumelipata kwa Wareno na "divai" kwa Wafaransa, sawa. Lakini zabibu zinalimwa Dodoma, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na ipo hata aina inayoitwa Makutupora. Mkulima wa huko ana haki ya kusoma, kwa lugha anayoielewa, habari za kile kinachotoka shambani mwake.

Aina tatu za maneno

Ndugu msomaji, chukua maelezo haya niliyoyatunga kwa kufuata mtindo wao: "Mwekundu, wenye uchachu ulio hai na ukakasi wa wastani, unanukia matunda meusi, vanila na pilipili manga, ni mvinyo mpole, mwenye heshima zake."

Humu mna maneno ya aina tatu. Kwanza yapo ya kinywa: uchachu na ukakasi. Haya yanataja mvinyo unaufanya nini ulimi na ufizi, na yeyote anaweza kuyahakikisha. Pili zipo tashbihi zilizofichwa. Hakuna aliyetia vanila humo. Harufu hiyo hutokana na mbao za mwaloni za pipa ulimokaa mvinyo. Tatu ipo tashihisi: "mpole", "heshima zake".

Tashihisi ndiyo kimbilio la mwandishi mvivu. Upole wa mvinyo huwezi kuuthibitisha, na wala huwezi kuubishia. Ndiyo maana namheshimu Ann C. Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Alipotoa gurudumu lake la harufu za mvinyo mwaka 1984, maneno ya namna hiyo aliyaacha nje. Alibakiza yale yanayoweza kuonyeshwa kwa kitu, akayapanga katika miduara mitatu: katikati utakuta "matunda", ukitoka nje kidogo jamii ya machungwa na malimau, na pembezoni kabisa limau lenyewe. Hata mbwa aliyelowa yumo, na mafuta ya taa pia! Ukitaka kumfundisha mtu harufu fulani, unatia kitu chenyewe kidogo ndani ya mvinyo wa kawaida, kisha unamnusisha. Huo ni uandishi wa uaminifu.

Matunda ya nani?

Mushkeli unaanza pale maneno yanaposafiri. Wafaransa hupenda kulitaja tunda dogo jeusi liitwalo cassis. Ukilitohoa unapata "kasisi", na msomaji wa Dodoma atadhani mvinyo unanukia padri. Ukiliacha kama lilivyo, hatadhani chochote. Katika hali zote mbili tashbihi imekufa, kwa sababu kazi ya tashbihi ni kumtoa msomaji kwenye asichokijua na kumpeleka kwenye anachokijua. Hii inamtoa gizani inamwingiza gizani.

Madhara yake si ya lugha tu. Msomaji anayetafuta kwenye bilauri yake tunda ambalo hajawahi kuliona, asilipate, hasemi kwamba mwandishi ameshindwa. Anasema pua yake ni ya kishamba. Hapo maelezo yamegeuka kuwa geti, na mlinzi amesimama.

Je, ni uongo mtupu?

Wenzangu wengine huwa wanasema haya yote ni porojo, na ushahidi wanao. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio lililofanyika Bordeaux. Walitia rangi nyekundu isiyo na harufu katika mvinyo mweupe, wakawapa waonjaji 54. Waonjaji wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho liliitangulia pua, na maneno yakalifuata jicho.

Lakini tusikimbilie kucheka. Pilipili manga inayotajwa katika mvinyo wa Syrah si ndoto ya mlevi. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kuwa kemikali moja, rotundoni, ndiyo inayotoa harufu hiyo katika zabibu na katika pilipili manga yenyewe. Harufu ya pilipili hoho katika Cabernet Sauvignon nayo inatokana na kemikali iliyomo katika hoho. Kumbe tashbihi nyingine ni kweli tupu. Mimi najifunza mambo mawili hapa: kitu kimo ndani ya bilauri, na neno au rangi inaweza kukifunika. Basi uchaguzi wa neno si pambo. Unaweza kuifungua pua ya msomaji, na unaweza kuifunga.

Kunuka, kunukia na ukakasi

Wengine hudai Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Hivi kweli? Ule mkwaruzo ukaushao kinywa tunauita ukakasi, na mtoto yeyote aliyekula bibo au ndizi mbichi anaujua bila kufundishwa. Ladha ikienea barabara tunasema imekolea. Ikikosekana, kitu ni chapwa. Harufu ya samaki ina jina lake, shombo. Harufu ya kuoza na ukungu ni uvundo. Zambarau moja tu inakupa rangi, tamu iliyochanganyika na chachu, na ukakasi juu yake. Kwa mvinyo mwekundu ulio mchanga, sijaona tashbihi inayoishinda.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi, maana sarufi yetu ina mtego. Kinachonuka ni kibaya, kinachonukia ni kizuri. Kitenzi kimeshatoa hukumu kabla mwonjaji hajamaliza sentensi. Sasa mvinyo wa Riesling uliokaa miaka mingi hutoa harufu kama ya mafuta ya taa, na wapo wanaoipenda hasa. Useme unanuka au unanukia mafuta ya taa? Kwangu, mwandishi makini atasema "unatoa harufu ya", kisha hukumu aitoe baadaye, waziwazi na kwa jina lake mwenyewe.

Mtego wa pili ni wa uzalendo. Kubandika ukwaju na ubuyu kila mahali ili maelezo yaonekane ya kwetu ni uongo uleule, umebadilishwa shati tu. Ukwaju utajwe pale uchachu ulipo wa ukwaju. Cha kuiga kwa Noble ni ile kanuni yake: kila neno liwe na kitu cha kunusa nyuma yake. Orodha yake ya matunda tumwachie mwenyewe.

Hitimisho

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maelezo mengi ya mvinyo ni sifa tupu, na sifa tupu haimsaidii mgema, mkulima wala mnywaji. Napendekeza kipimo. Mwanaisimu Adrienne Lehrer, katika kitabu chake Wine and Conversation cha mwaka 1983, aliwapa watu maelezo yaliyotolewa na wenzao na kuwataka wautambue mvinyo unaoelezwa; matokeo hayakuzidi sana kubahatisha. Tufanye hivyo na sisi. Weka bilauri tatu mezani, msomee mtu wa Dodoma maelezo yako ya Kiswahili, umwache achague. Akipatia, umeandika. Akikosa, usimlaumu pua yake. Rudi kwenye sentensi yako uitazame upya.