Tepu Iongoze, Kompyuta Ifuate

Mzee alivaa hedifoni, akafunga macho, akasikiliza kama dakika mbili hivi. Kisha akazivua na kuziweka mezani polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. "Ma ok an," akasema. Huyu si mimi.

Tulikuwa Migori, kwenye studio ya rafiki yangu: chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, godoro kuukuu limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Tulichomchezea Jaduong' ni wimbo wa benga aliopiga besi akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Besi ilikuwa yake. Kila noti ilikuwa yake, hatukuongeza wala kupunguza. Tulichogusa ni muda tu. Kila noti tuliisogeza kidogo, mbele au nyuma, ikae sawa kwenye mistari ya kompyuta. Na mzee akajikana.

Nimekaa na hayo maneno yake miezi kadhaa sasa. Mwanzoni nilidhani ni uzee, ama masikio. Siku hizi naona alikuwa anatoa uhakiki mkali kuliko wowote niliowahi kuandika, na kwa maneno matatu tu.

Wacha nianze na mashine, kwa sababu kosa letu lilianzia hapo.

Rafiki yangu alipata rekoda ya rili, Tascam ya traki 8, zile za miaka ya 1970 zinazotumia tepu ya nusu inchi. Inakimbia inchi 15 kwa sekunde, kwa hiyo rili kubwa ya futi 2,500 inakupa kama dakika 33 pekee. Tepu ni moja, lakini imegawanywa njia nane zinazokwenda sambamba: ngoma huku, besi kule, gitaa la solo, gitaa la ridhimu, sauti. Ukiwa nayo unaisikia bendi ikiwa imefunguliwa, kila mtu na njia yake. Rili yenyewe ilitoka kwenye sanduku la bati la familia moja ya Homa Bay. Niliipakata kwenye matatu kupitia Rongo hadi Migori, kama mtu aliyebeba mayai.

Shida ikawa upande wa kompyuta. Kadi yetu ya sauti ina matundu mawili tu ya kuingizia. Traki nane, matundu mawili, hesabu inasema upitishe tepu mara nne. Tukapitisha. Jioni tukazipanga traki zote kwenye programu, tukazilinganisha mwanzo, tukabonyeza play. Dakika ya kwanza ilikuwa tamu ajabu. Dakika ya tatu bendi ikaanza kulewa. Dakika ya sita ungedhani kila mmoja anapiga wimbo wake kwenye chumba chake.

Sababu ni rahisi. Mashine ya zamani haikimbii kwa kasi ileile kila mara: mota inapata joto, mkanda wa mpira umechoka, tepu inateleza kidogo. Tofauti ya asilimia 0.1 kati ya mpito mmoja na mwingine unaweza kuidharau. Lakini kwenye wimbo wa dakika sita, yaani sekunde 360, hiyo ni sekunde 0.36. Wimbo ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Kwa hiyo besi imeachwa nyuma karibu robo tatu ya pigo. Hapo huna bendi tena.

Studio za zamani zilikuwa na dawa yake. Traki moja, mara nyingi ile ya mwisho, ilitolewa sadaka: badala ya muziki, ulirekodi juu yake taimukodi ya SMPTE, mlio mkali unaotaja saa, dakika, sekunde na fremu. Traki jirani uliiacha tupu ili mlio usivuje. Kisha kisanduku fulani kilisoma mlio huo na kuiambia kompyuta kupitia MIDI: sasa tuko hapa, sasa tuko pale. Tepu ikichelewa, kompyuta inachelewa nayo. Ilikuwepo mitambo ya kuiendesha mota yenyewe ifuate saa ya nje, lakini mpango wa kawaida na wa bei nafuu ulikuwa huo: tepu inaongoza, kompyuta inafuata.

Yetu ilikuwa imejaa. Traki zote nane zilikuwa na watu. Ili tuweke taimukodi ingebidi tumfute mtu, na ungemfuta nani? Mpiga ridhimu? Waitikiaji?

Ndipo rafiki yangu akaja na njia ya mkato. "Omera, kwani hii kompyuta ni ya nini?" Akachagua mapigo 118 kwa dakika, akaivuta kila traki, pigo kwa pigo, mpaka zote zikakaa kwenye gridi. Ilimchukua usiku mzima. Asubuhi kila kitu kilikuwa kimenyooka. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyewahi. Mimi mwenyewe nilimpongeza. Ndiyo hiyo tuliyomchezea mzee.

Sasa tuongee muziki.

Ukisikiliza benga ya upande huu wa ziwa utaona imejengwa kwa vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha maneno: mwimbaji anasimulia, gitaa la solo linamfuata nyuma kama mtu anayerudia alichosikia. Halafu mwimbaji ananyamaza, na gitaa zinashika. Wanamuziki wenyewe huita sehemu hiyo klaimaksi. Besi inaanza kuruka, solo inachokora nyuzi kwa mtindo ambao wengi wanaufuatilia hadi kwenye nyatiti, na watu waliokuwa wamekaa wanasimama.

Nilirudi kwenye tepu yenyewe, ile isiyoguswa, nikahesabu kwa saa ya simu. Wimbo unaanza karibu na mapigo 114 kwa dakika. Unamalizika 123. Hakuna kliki iliyowaongoza. Na kasi haipandi ovyo: inakaa palepale wakati wa maneno, kisha mwimbaji anaponyamaza inapanda, kama pumzi. Wakati huo ndio wimbo unakuja kwako. Kompyuta ilipouweka wote kwenye 118 ilifanya makosa mawili kwa mpigo. Maneno yakaharakishwa, na klaimaksi ikashikwa shati.

Yaani kile ambacho programu inakiita kosa la kurekebishwa ndicho kilichokuwa umbo la wimbo. Besi ya Jaduong' ilikuwa inavuta wenzake wapande. Kwenye toleo letu hakuna mtu wa kuvutwa, wote wameshafika. Kwa hiyo aliposema yule si yeye alikuwa sahihi kabisa. Noti zilikuwa zake, uamuzi wa lini azipige ukawa wa mashine.

Muziki huu umewahi kubanwa na mashine kabla yetu, sitaki kujifanya kwamba kuna enzi ya usafi. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilikuwa na nafasi finyu, ndiyo maana benga nyingi zilikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande wa A na ya pili upande wa B. Ilibidi uinuke, ugeuze, ndipo wimbo umalizike. Lakini hata hivyo kasi ya wapigaji ilibaki yao. Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa santuri aliyewahi pia kuwa mbunge wa Homa Bay, aliusambaza muziki huu mbali kiasi kwamba kule Zimbabwe watu waliuita "kanindo", kwa jina lake. D.O. Misiani alizaliwa Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Migori, upande wa Tanzania, na bendi yake ya Shirati Jazz ikajulikana Kenya nzima na nje. Kilichosafiri na zile santuri ni pamoja na ile pumzi.

Sisi tumelelewa na gridi. Ukifungua Ableton Live leo, kabla hujapiga chochote, inakungoja na mapigo 120. Mistari iko pale tayari, wewe ndiye mgeni. Hata ohangla ya siku hizi imezoea kinanda, na kinanda kinakuja na saa yake ndani. Sina ugomvi na hilo. Nimecheza ohangla ya kinanda Homa Bay mpaka asubuhi na sikudai marejesho. Waliopiga walijua saa iko pale, wakaichagua, wakacheza nayo na wakati mwingine dhidi yake. Tofauti ni kumwekea saa mtu aliyekwisha kupiga miaka arobaini iliyopita, na kwenye bendi ya Jaduong' watatu wameshazikwa. Hao hawawezi hata kuvua hedifoni.

Kuna njia kadhaa za kuishi na tepu za wazee, na ni vizuri kuzipima bila hasira.

Njia moja ni sampuli. Kanye West alipotoa "Yikes" mwaka 2018, ndani yake mlikuwa na kipande cha "Kothbiro" ya Black Savage, bendi ya Nairobi. Wengi wetu tulishangilia, na haki ilikuwepo ya kushangilia. Lakini kipande kinachozungushwa kinafanya kazi tofauti na wimbo: kinarudi palepale, tena na tena. Hakiwezi kupanda. Ni sawa, mradi tusikisikilize tukadhani tumeusikia wimbo.

Njia ya pili ni ya hifadhi. Ketebul Music walitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, CD, DVD na kijitabu, muziki ukiwa pamoja na hadithi za waliouunda. Hapo wimbo unaachwa na mwendo wake na wewe msikilizaji ndiye unayeusogelea. Kama hujawahi, anzia hapo.

Njia ya tatu naiona kwenye The Kenya Sessions ya mwaka 2011. Sven Kacirek, mpiga ngoma wa Hamburg, alirekodi waimbaji sehemu mbalimbali za Kenya, akarudi kwao na kupiga ala zake kuzunguka sauti zile. Unaweza kuuliza maswali mengi kuhusu Mzungu, maikrofoni na jina la nani liko kwenye jalada, na ni lazima uyaulize. Lakini kwa upande wa muda, kazi ile inanifundisha kitu. Sauti ndiyo iliyotangulia. Aliyekuja baadaye na vifaa vyake ndiye aliyejipinda.

Rafiki yangu hakukubali kirahisi. "Sawa," akasema, "lakini nani ataicheza klabuni? DJ atachanganyaje wimbo unaokimbia mbio zake?" Swali la haki. Muziki ambao vijana hawawezi kuucheza unageuka kuwa picha ya ukutani. Nilimjibu kwamba DJ ana mikono, naye akaniambia mimi sijawahi kulipwa kuchezesha watu saa nane usiku. Hapo alinipata.

Tulichofanya hatimaye hakikuwa cha ajabu. Tuliazima kadi ya sauti yenye matundu manane kutoka kwa kanisa moja Homa Bay. Tepu ikapita mara moja tu, traki zote nane zikaingia pamoja. Ukifanya hivyo huhitaji kuoanisha chochote: mota ikichelewa, wote wanachelewa pamoja, bendi inabaki bendi. Usiku mzima wa kuvuta traki ungeokolewa na matundu sita zaidi. Kama huwezi kupata kadi kubwa, basi rudia traki moja, tuseme ngoma, katika kila mpito, iwe shahidi wa kulinganishia zile nyingine.

Kisha tukaigeuza kazi. Badala ya kuisogeza bendi, tuliisogeza gridi. Kila mwanzo wa baa tuliweka alama mahali ngoma ilipogonga kweli, moja baada ya nyingine, mpaka mistari ya kompyuta ikawa inabanana pale wimbo unapopanda. Sasa ukitaka kuongeza kinanda, kinafuata wazee. Rafiki yangu alitengeneza pia toleo la klabu la 118, na tukakubaliana jina la faili liseme wazi kwamba limenyooshwa.

Jaduong' alirudi Jumamosi. Safari hii hakufunga macho. Wimbo ulipofika pale mwimbaji anaponyamaza, aliinua kidole. "Hapo," akasema, "mpiga ridhimu alinitazama. Nikajua anataka twende." Akatutajia jina la huyo mtu, na kwao, na mwaka aliofariki. Toleo lililonyooshwa lisingemkumbusha, kwa sababu ndani yake hakuna aliyetaka kwenda popote.

Kwenye lile sanduku la bati kuna rili mbili zaidi. Moja imeanza kunata. Tepu nyingi za miaka ya 70 na 80 zina gundi inayofyonza unyevu, na unyevu wa ziwani hauna huruma. Ukiilazimisha kupita, unga wenye sauti unabaki kwenye vichwa vya mashine. Dawa inayotumika ni kuipasha joto polepole, kama nyuzi 54 kwa saa kadhaa, na baada ya hapo una wiki chache za kuirekodi. Si kila aina ya tepu inastahimili, na hatujakubaliana nani atathubutu. Ila tumekubaliana jambo moja: haitawekwa kwenye mashine kabla kadi ya matundu manane haijarudi mezani, na kabla Jaduong' hajaketi pale karibu na godoro.