KenGold na hesabu ya kushuka daraja

KenGold ya Chunya, mkoani Mbeya, ilishuka daraja msimu wa 2024/25 ikiburuza mkia wa Ligi Kuu Bara kwa pointi 16 katika mechi 30. Ulikuwa msimu wake wa kwanza katika ligi hiyo, na iliingia kwa heshima zote, kwani mwaka mmoja kabla ilikuwa bingwa wa Championship na kupanda pamoja na Pamba Jiji ya Mwanza. Timu iliyotoka kutawala ligi ya chini iliporomoka ndani ya miezi tisa. Jambo hilo linaelezeka, na sehemu kubwa ya maelezo iko kwenye hesabu ya pointi na kalenda ya mechi.

Ligi Kuu ina timu 16, na kila moja hucheza mechi 30, nusu nyumbani na nusu ugenini. Wanaoshika nafasi ya 15 na 16 hushuka moja kwa moja. Wa 13 na 14 hukutana katika mechi mbili za mchujo, anayeshinda hubaki, na anayeshindwa hupewa nafasi ya mwisho dhidi ya timu iliyotoka Championship. Kipimo cha haraka ambacho makocha wengi hukitumia ni pointi moja kwa kila mechi. Timu yenye pointi 30 haina uhakika wa kupona, lakini iliyo chini sana ya hapo haina hata cha kubishania. KenGold ilifikia nusu tu ya kipimo hicho, na pointi moja ya ziada.

Mechi ya kwanza ilichezwa Agosti 2024 kwenye Uwanja wa Sokoine, Mbeya, ambao KenGold iliutumia kama nyumbani. Singida Black Stars ilishinda 3-1. Mgeni huyo hakuwa mgeni kwa mashabiki wa nyanda za juu kusini. Ndiye Ihefu ya zamani, iliyokuwa na maskani Ubaruku, Mbarali, na ambayo Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza, kabla ya kuhamishiwa Singida katikati ya msimu wa 2023/24. KenGold ilipoteza mechi nne zilizofuata pia. Ya tano ilikuwa dhidi ya Yanga, hapo hapo Sokoine, mwishoni mwa Septemba, na bao moja tu lilitosha kuwapa wageni ushindi.

Mechi tano bila pointi ni pointi 15 zilizopotea kati ya 90 za msimu mzima. Ili kufika 30, timu yenye sifuri inahitaji wastani wa 1.2 katika mechi 25 zilizobaki. Wastani huo ukichezwa msimu mzima huleta pointi 36, yaani hadhi ya timu ya katikati ya msimamo. Kwa maneno mengine, hadi Septemba inakwisha, KenGold ilikuwa tayari inadaiwa kucheza vizuri kuliko timu nyingi zilizokuwa kwenye ligi kwa miaka. Vipigo vya bao moja kama kile cha Yanga huficha ukweli huo. Timu hutoka uwanjani ikisifiwa kwa kupambana, benchi la ufundi huona kwamba kilichokosekana ni kidogo, na msimamo haubadiliki. Kupoteza 1-0 na kupoteza 5-0 huleta pointi ile ile.

Ukocha nao ulitikisika mapema. Fikiri Elias, aliyeanza msimu, aliondoka ligi ikiwa bado changa, na Omary Kapilima akashika usukani. Mabadiliko ya aina hiyo yana gharama ya kiufundi isiyoonekana kwenye takwimu. Kila kocha hupanga mstari wa mabeki kwa namna yake, huwa na ishara zake za kukaba mpira wa kona, na huwa na mtu wake anayemwamini mbele ya mabeki wa kati. Wachezaji waliozoea mfumo mmoja tangu Championship walilazimika kujifunza mwingine huku mechi zikiendelea, dhidi ya washambuliaji wanaoadhibu kosa la kwanza. Championship husamehe beki anayechelewa hatua moja. Ligi Kuu haina huruma hiyo, na pengine hapo ndipo timu nyingi zilizopanda hukosea, zikidhani kikosi kilichozipandisha kitazibakiza.

Baada ya mechi 16, KenGold ilikuwa na pointi 6.

Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa, klabu haikukaa kimya. Iliingiza wachezaji wengi kwa mkupuo, baadhi yao wakiwa na majina makubwa nchini: Bernard Morrison wa Ghana, aliyewahi kuchezea Yanga na Simba, Obrey Chirwa wa Zambia, na beki mkongwe Kelvin Yondani. Uamuzi huo ulieleweka, na klabu nyingi zilizobanwa zingefanya hivyo hivyo. Kilichoukwamisha ni hesabu. Ili kutoka pointi 6 hadi 30, timu ilihitaji pointi 24 katika mechi 14 zilizobaki, sawa na ushindi mara nane. Huo ni wastani wa pointi 1.7 kwa mechi, na kwa msimu mzima ungezaa pointi 51. Timu zenye pointi kiasi hicho huwa juu ya msimamo, mbali kabisa na wanaopigania uhai. Kikosi kilichojengwa Januari kilitakiwa kucheza mara moja kama timu ya nne au ya tano ya ligi.

Mtihani wa kwanza ulikuja Februari 5, 2025, Dar es Salaam, dhidi ya Yanga. Matokeo yalikuwa 6-1. Bao pekee la KenGold lilikuwa zuri kuliko yote ya siku hiyo: Seleman Bwenzi aliupiga mpira kutoka karibu na katikati ya uwanja, ukampita kipa juu na kutua wavuni. Bao hilo lilionyesha kwamba ujuzi haukukosekana. Mabao sita ya upande wa pili yalionyesha kilichokosekana, yaani mazoea ya kucheza pamoja. Safu ya ulinzi ni kazi ya watu wanne au watano wanaosogea kwa pamoja, na anayejua lini mwenzake atatoka kwenda kukaba hujua kwa sababu ameshacheza naye mara nyingi. Fedha inaweza kumleta beki kwa wiki moja, lakini haiwezi kuyaleta mazoea hayo kwa muda huo.

Hata hivyo usajili ulisaidia, na ni haki kulisema hilo. Katika mechi 14 za mwisho KenGold ilipata pointi 10, wastani wa 0.7, karibu mara mbili ya ule wa awali. Kasi hiyo ingeanza Agosti, ingezaa pointi kama 21 kwa msimu, na bado isingetosha. Aprili 2025 hesabu zilifungwa rasmi huku mechi kadhaa zikiwa zimesalia. Kagera Sugar iliifuata katika nafasi ya 15.

KenGold haikuwa timu ya kwanza ya Mbeya kushuka miaka ya karibuni. Mbeya City ilishuka kwa njia nyingine. Timu hiyo ya Halmashauri ya Jiji, iliyomaliza ya tatu mwaka 2014 katika msimu wake wa kwanza chini ya Juma Mwambusi, haikuburuza mkia msimu wa 2022/23. Iliangukia mchujo, ikashindwa na KMC, kisha ikakutana na Mashujaa ya Kigoma, iliyokuwa ya nne tu kwenye Championship. Mashujaa ilishinda 3-1 Kigoma, ikaja Sokoine na kushinda tena 1-0. Katika mchujo, pointi zote zilizokusanywa kwa miezi kumi hazina kazi tena, na mechi mbili mbovu hufuta msimu ambao haukuwa mbovu kiasi hicho. Kabla yake zilikuwa zimeshashuka Ihefu, mwaka 2021, na Mbeya Kwanza, mwaka 2022, nayo baada ya msimu mmoja tu.

Mfululizo huo una uzito kwa Songwe pia. Mkoa huu ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na hata wilaya yake ya Songwe ilitoka Chunya, kwenye ardhi ile ile ya dhahabu iliyoipa KenGold jina. Shabiki wa Tunduma anayetaka kuiona Ligi Kuu kwa macho yake hupita Vwawa, Mlowo na Mbalizi, zaidi ya kilomita 100, hadi Sokoine. Kila timu ya Mbeya inayoshuka humpunguzia mechi za kuona kwa umbali huo.

Anayeshuka huanza upya Championship, ambako wawili wa juu hupanda moja kwa moja na wa tatu na wa nne hupitia mchujo. Mbeya City ilikaa huko misimu miwili na kupanda mwaka 2025 ikiwa ya pili nyuma ya Mtibwa Sugar, mwaka ule ule KenGold iliposhuka. Kwa hiyo msimu wa 2025/26 Sokoine ulibaki na timu mbili za Ligi Kuu: Mbeya City iliyorejea, na Tanzania Prisons, iliyojinusuru kwa kuishinda Fountain Gate katika mchujo.