Ipasue Kwanza Filta ya Zamani

Kuna video fupi inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya madereva na matajiri wa Fuso hapa Mpanda. Fundi kijana anatoka mvunguni, anachomoa stiki ya oili, anaipangusa kwa gazeti, anairudisha, anaichomoa tena na kuionyesha: oili ya rangi ya dhahabu. Gari imesomba mpunga wa Majimoto mwezi mzima, anasema, na oili yangu hiyo hapo. Pongezi zimemiminika. Tajiri mmoja ameomba namba ya simu.

Ningekuwa mwenye gari ningeomba namba ya fundi mwingine. Oili ya dizeli inayobaki dhahabu baada ya mwezi wa kubeba mzigo ni oili mbovu, au gari halikutembea. Dizeli inatoa masizi, na kazi ya oili ni kuyaosha na kuyabeba, yaelee ndani yake hadi siku ya kumwagwa. Oili nzuri inaanza kuwa nyeusi mapema. Ile inayobaki safi imeyaacha masizi kwenye ringi na kwenye mifereji ya pistoni, na siku ukifungua kifuniko cha valvu utayakwangua kwa bisibisi. Watu wanasifia usafi wa oili wakati uchafu umebaki kwenye injini.

Kuhusu namba za oili sitakaa sana. 15W-40, na kwenye ndoo isomeke CI-4 au zaidi. CF-4 ni kiwango cha 1990, na wenyewe walioiweka wamekwisha kuitangaza kuwa imepitwa. CI-4 ni ya 2002. Mtu wa duka akikuambia "CF-4 ndiyo ya Fuso za hapa", anataka kumaliza mzigo wake. Wazee wa SAE 40 tupu nawaheshimu, lakini asubuhi ya Juni huku kwetu ile oili inachelewa kupanda, na turbo haina subira. Na wale wanaotafuta oili "kali" kwa sababu ya salfa wamechelewa: tangu 2015 kikomo cha salfa kwenye dizeli ya Afrika Mashariki ni sehemu 50 kwa milioni. Adui wetu wa sasa ni masizi na vumbi. Ukipita ndani ya Hifadhi ya Katavi mbung'o wanakufungisha vioo, lakini injini haina vioo vya kufunga, inavuta hewa ile ile. Kwa hiyo anayepuliza filta ya hewa kwa kompresa mara tatu, mara nne, kisha akajisifu ameokoa hela, sina la kumwambia. Karatasi ikishatoboka haionyeshi.

Sasa filta ya oili. Hapa ndipo ninapomjua fundi.

Wanunuzi wengi wanatazama rangi, wanatazama nembo, wanaipima mkononi, basi. Uzito una maana yake, sikatai. Filta nyepesi siinunui. Nyeupe pia siinunui, na hilo halijadiliwi. Lakini aliyebobea hajaanza hata kutazama filta mpya. Anauliza kwanza: ile iliyotoka iko wapi? Kwenye gereji nyingi jibu ni kwamba imetupwa kwenye pipa, au utingo ameshaiuza chuma chakavu. Basi sevisi hiyo kwangu haijafanyika. Umeitupa barua bila kuisoma.

Filta ya zamani inapasuliwa. Na haipasuliwi kwa msumeno. Mzee aliyenifundisha, mtu aliyekulia kwenye Scania zilizokuwa zikiunganishwa TAMCO kule Kibaha, alikuwa na kikatio cha mabomba, kile cha gurudumu, alichokirefusha mwenyewe kwa kuchomelea. Anaizungusha filta taratibu chini ya ukingo mpaka kopo liachie. Kikatio cha gurudumu hakimwagi unga wa chuma. Msumeno unaumwaga, na unga huo unaingia kwenye karatasi. Nimemwona fundi mmoja, jina lake abaki nalo, akikata filta kwa msumeno mbele ya tajiri, akafunua karatasi juani, vyuma vikameta, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa: "Bosi, injini imekwisha." Vyuma vile vilikuwa vya kopo lenyewe. Tajiri alilipia kuvuliwa injini nzima.

Kopo likifunguka, toa kiini na uache kichuruzike. Kata kipande cha marinda, kifunge kwenye kitambaa safi, kibane kwenye jiliwa mpaka oili iishe, kisha kifunue juani, rinda moja baada ya jingine. Weusi laini ni masizi, hayo ni ya kawaida. Pitisha sumaku uliyoifunga kwenye nailoni. Ile ya spika mbovu inatosha. Kinachonaswa ni chuma: ringi, silinda, gia. Cheupe kisichonaswa mara nyingi ni alumini ya pistoni, au safu ya juu ya beringi za krenki. Cha rangi ya shaba ndicho kinachomnyima usingizi anayejua, kwa sababu ni bushi za turbo au za konrodi, au beringi ambazo safu ya juu imeshaliwa na sasa zinakula tumbo. Chembe mbili tatu si msiba. Zikimeta karatasi nzima, gari lisitoke gereji.

Halafu tazama marinda yenyewe. Yakiwa yamelala upande mmoja, yamebanana, au karatasi imepasuka karibu na bomba la kati, filta hiyo iliziba zamani na oili imekuwa ikipita kwenye baipasi bila kuchujwa. Dereva hakuona kitu. Taa ya presha haiwaki kwa ajili hiyo. Ukikuta uji wa rangi ya maziwa, acha habari za filta, nenda katafute maji yanapoingilia.

Mzee alikuwa pia akinunua filta mbili kila alipoletewa chapa mpya: moja ya kufunga, moja ya kupasua kabla haijaguswa na oili. Watu walimwona anachezea hela. Ndani ndimo unamoona marinda machache yaliyotawanyika badala ya kujaa sawasawa, gundi iliyokatika kwenye mshono, springi nyembamba. Mpira wa kuzuia oili isirudi unaweza kuukagua bila kupasua: chungulia kwenye matundu madogo, uguse kwa kijiti cha kiberiti. Ukirudi mahali pake haraka, sawa. Ukibaki umebonyea, rudisha filta dukani. Siku hizi vijana hawachungulii. Wanapiga picha ya boksi.

Kwa wenye Scania 124, kuna kile kikombe kinachozungushwa na presha ya oili, na uchafu mzito unagandia ukutani mwake. Injini ikiwa ya moto, zima, nyamaza, sikiliza: kikombe kizima kinaendelea kuvuma nusu dakika na zaidi. Kikinyamaza pale pale kimekwama, au kimefungwa vibaya. Ukikifungua ukakuta ukuta msafi baada ya maelfu ya kilomita, usifurahi. Hakikuwa kikizunguka. Yule mzee alikuwa na sikio la kusikia uvumi huo akiwa amekaa ng'ambo ya barabara anakunywa kahawa, na parking nzima ilikuwa inanyamaza kwa ajili yake. Sasa kila gereji ina spika.

Kuhusu wezi. Filta iliyooshwa kwa petroli na kupigwa rangi inajulikana kwenye nyuzi za ndani, ambako rangi ya kupuliza hufika au nyuzi zimeshaliwa. Anayekwambia amebadili filta na hakubadili, umemkamata mapema ikiwa uliitia alama ya panchi chini ya kopo kabla ya kuingiza gari. Oili chafu iliyochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa inarudi mjini ikiwa ndani ya ndoo halisi yenye kifuniko halisi, kwa sababu ndoo tupu zina soko. Ukimaliza kumimina, chukua bisibisi uitoboe ndoo papo hapo, chini na ubavuni, hata kama mkeo ameiomba ya maji. Mnunulie nyingine.