Kuupima Ukumbi wa Bia wa Bavaria

Mgeni anayefika München kwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye ukumbi wa Hofbräuhaus. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1589 na mtawala Wilhelm wa Tano ili kutengeneza bia ya watu wa kasri lake. Raia wa kawaida waliruhusiwa kunywa humo kuanzia 1828. Ni historia nzuri, ila umri wa nyumba haukuambii lolote kuhusu kilichomo ndani ya glasi. Wala sheria ya 1516 iliyotangazwa Ingolstadt, ile iliyoruhusu shayiri, hopsi na maji tu, haitoshi kuwa dhamana. Kwa vitu hivyo vitatu mtu anaweza kupika bia mbaya sana.

Mimi huanza kwa kutazama pipa. Nyumba chache bado hutumia mapipa ya mbao, na kiwanda cha Augustiner cha München ni miongoni mwa vinavyoendelea kuyajaza. Bia hushuka yenyewe kwa uzito wake, bila gesi ya kuisukuma. Kila lita inayotoka huacha nafasi, hewa huingia, na hewa ni adui wa bia: baada ya saa chache ladha huanza kufifia. Kwa hiyo mwenye ukumbi hathubutu kutoboa pipa la namna hiyo kama hana wanywaji wa kulimaliza mapema. Pipa la mbao ni ushahidi kwamba unachokunywa hakijalala. Usitafute ladha ya mbao, kwani ndani hupakwa lami ya miti ili bia isiguse ubao. Utakachokisikia ni ulaini, maana gesi ni kidogo na ulimi hauchomwi.

Baada ya pipa, povu. Liwe zito, lishuke polepole na kuacha duara kwenye glasi kila unapopiga funda. Povu likitoweka mara moja, mara nyingi glasi ina mafuta, na ukumbi unaoosha glasi vibaya huwa hausafishi mabomba pia. Kisha nusa. Harufu ya siagi hutokea bia ikiondolewa kwenye hamira kabla haijaiva. Ya karatasi iliyolowa ni dalili ya uzee. Bia ya rangi ya dhahabu isiyo na kasoro hunukia mkate mpya, na uchungu wa hopsi huja mwishoni, ukaondoka bila kukwaruza koo. Usikubali iletwe baridi kama barafu. Karibu nyuzi 8 zinatosha. Chini ya hapo pua haifanyi kazi, na kasoro zote hujificha.

Lakini anayetaka kujifunza kweli aende kaskazini, Bamberg, katika eneo la Franken. Huko wapishi wa viwanda vya Schlenkerla na Spezial bado hukausha kimea chao juu ya moto wa kuni za mbuki, na moshi huingia ndani ya shayiri. Zamani kimea cha sehemu nyingi kilikuwa na moshi, kwa kuwa kilikaushwa kwa moto wa kuni. Tanuri zilizotenga moshi na nafaka zilipoenea, wapishi wengi waliuacha kwa furaha. Hawa wawili hawakuuacha. Glasi ya kwanza ya Schlenkerla, nyeusi kiasi, humshtua mtu: inanukia kama samaki waliobanikwa kandokando ya Ziwa Victoria. Usihukumu hapo. Endelea taratibu mpaka pua iuzoee moshi, ndipo utamu wa kimea ujitokeze chini yake. Kipimo changu ni hicho: moshi uwe mlango wa kuingilia. Ukibaki na moshi peke yake hadi mwisho wa glasi, mpishi ameshindwa. Schlenkerla hawashindwi. Spezial ni mpole zaidi, na kwa anayeanza ningemshauri aanzie huko.

Bustani za bia zina kipimo chake. Mwaka 1553 upishi wa bia ulipigwa marufuku wakati wa kiangazi, kuanzia 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa kuwa joto liliiharibu. Ndipo viwanda vikachimba maghala ya chini ya ardhi na kupanda michestinati juu yake ili kivuli kilinde ubaridi. Watu wakaja kunywa palepale. Wenye migahawa walilalamika, na mwaka 1812 Mfalme Max Joseph akaamua: viwanda viuze bia, lakini chakula kisizidi mkate. Kwa hiyo bustani inayoheshimu asili yake inakuruhusu mpaka leo kuja na chakula chako. Ikikukataza, ni mgahawa wenye miti tu.

Mwisho kabisa, kwa mwenye subira, kuna bia iitwayo Zoigl ya eneo la Oberpfalz, katika miji kama Windischeschenbach na Falkenberg. Wenyeji hupika katika jiko moja la jumuiya, kisha kila mmoja hupeleka bia mbichi nyumbani, ikachachukie kwenye ghala lake. Nyumba hufunguliwa kwa zamu, na nyota yenye ncha sita huning'inizwa nje. Hakuna ladha rasmi ya Zoigl; kila ghala na hamira yake. Hapo usiulize kama bia inafanana na ya jana kwa jirani. Uliza kama ni safi na imeiva, kisha kaa popote penye nafasi, isipokuwa kwenye meza ya wenyeji wa kila siku.